Wimbo wa Mguu wa Eunice

Mtu akiuimba ule wimbo mbele yangu, namwambia anyamaze au atoke nyumbani kwangu. Sijali kama ni mgeni, sijali kama ni katekista. Unapigwa kwenye simu za bodaboda kuanzia Mhunze mpaka Maganzo, watu wanautikisia vichwa, halafu wananishika mkono: "Mama Eunice, hongera, umezaa shujaa." Hongera ya nini? Ya mfupa?

Aliyeutunga ni mume wangu, Mageni. Hanywi pombe, hanipigi, na shambani halali. Laiti angekuwa mlevi, ningejua pa kuanzia kumgombeza. Ugonjwa wake ni ngoma. Mageni ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa kikundi cha bugobogobo cha Bagika hapa kwetu Kishapu. Ukimpa neno moja asubuhi, jioni ameshaligeuza wimbo, na neno hilo atakung'ang'ania nalo kama kupe.

Asiyezijua ngoma zetu nimweleze haraka. Mavuno yakishaingia ndani, vikundi viwili hukutana uwanja mmoja, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na wote hucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala kombe la kupigiwa filimbi. Watu ndio wanaoamua, na wanaamua kwa miguu yao. Wakivutiwa na huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule, na jua likikaribia kuzama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwenye bugobogobo mchezaji hurusha jembe juu, hulidaka, na miguu yenye njuga huipiga ardhi mpaka vumbi linapanda. Ni ngoma ya kulima, na miguu hufanya kazi kama jembe.

Eunice ni kifungua mimba wangu. Huyo, Mungu alimpa mapafu. Tangu akiwa mdogo, ukimtuma dukani, unarudi ndani kuchochea moto, ukigeuka unamkuta ameshakuja. Mwalimu Benjamini, anayefundisha riadha, alimwona akiwapita wavulana kwenye barabara ya changarawe, akaja nyumbani kumwomba kama mtu anayekuja kuposa. Mwaka huu akachaguliwa timu ya mkoa, mbio ndefu, kwenda kwenye mashindano ya taifa. Mwalimu alituambia kwamba huko kuna watu wa vilabu wanaochukua vijana na kuwaweka kambini, wanakula, wanasoma, wanakimbia. Mwanangu alianza kutabasamu akiwa usingizini.

Basi akakimbia kupita kiasi. Alfajiri barabarani, jioni mbugani, na udongo wetu wa mbuga mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kuliko sakafu. Viatu vyake soli zilikuwa zimekwisha. Maumivu yakaanza juu ya unyayo, katikati, nyuma ya vidole. Kwanza yalimjia baada ya mazoezi, baadaye katikati ya mazoezi, mwisho hata akienda kisimani anachechemea. Zahanati wakatupa vidonge vya maumivu. Mama mkwe akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, akimsugua kwa nguvu zote, na mtoto akauma kanga yake. Tukaenda kupiga picha ya eksirei, picha ikaonyesha mfupa ni mzima, hauna ufa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba binti wa Mageni amechoka mazoezi, anatafuta visingizio.

Ndipo nikampeleka Shinyanga mjini kwa Daktari Violeth. Mageni alikuja nasi. Huyo mama hakuanza na picha. Alimkalisha Eunice kitandani, akapita na kidole kimoja juu ya unyayo, taratibu, na alipofika mahali fulani mtoto akaruka nusura aanguke.

"Hapa," daktari akasema. "Mfupa huu una ufa mwembamba. Picha ya mwanzo mara nyingi haiuonyeshi. Waya ukiukunja na kuukunjua kila siku, siku moja unakatika bila mtu kuupiga. Mfupa nao unachoka hivyo hivyo."

Akamuuliza Eunice anakula nini, akamuuliza na siku zake za mwezi kama zinakuja. Hazikuwa zinakuja, na mimi mama yake sikuwa najua. Daktari akatuambia mwili unaokimbia sana na kula kidogo hukopa kwenye mifupa. Kisha akatugeukia sisi wazazi.

"Asikimbie kabisa. Mguu upumzike, usipigishwe chini. Ukipumzika utaunga wenyewe na mashindano atayawahi. Usipopumzika, ufa utapita mpaka upande wa pili."

Mageni aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilimwona kwa macho yangu akiitikia.

Na tuliporudi, niseme ukweli, alimlinda mtoto vizuri kuliko mimi. Viatu vya mazoezi alivifunga kamba akavitundika darini. Kanisani alimpakia kwenye baiskeli. Mwalimu Benjamini alipokuja kuuliza hali tu, Mageni alimkatalia hata kigoda, kwa hofu kwamba atamshawishi. Siku moja mbuzi waliingia kwenye kunde nilizoanika, Eunice akainuka kuwafukuza, na baba yake akapiga kelele kutoka zizini, "Eunice! Usikimbie!" mpaka majirani wakatoka nje. Mbuzi wakala kunde zangu zote. Nikafagia maganda. Moyoni nilijisifu kwamba nimeolewa na mtu anayesikia.

Mwezi wa saba, mama yangu mdogo akafariki huko Runzewe. Nikafunga mzigo kwenda msibani. Maumivu ya Eunice yalikuwa yamepungua sana. Alikuwa akikaa uani anachambua choroko na kunitania kwamba natembea kama bata. Nilimwacha akicheka.

Tulikuwa tumeshazika, tumekaa kwenye majamvi, ndipo ndugu yangu Dorika, binti wa marehemu, akanisogelea na simu yenye video aliyotumiwa.

"Dada, huyu si Eunice?"

Nikaitazama. Uwanja wa kwetu, watu wengi, vumbi. Wengi walikuwa upande wa Bagalu. Manju wao, Telesphori, ana sauti ya kupasua ukuta, naye alikuwa akiimba kwamba Mageni ana mbuzi kilema, amemfungia ndani, anaogopa watu watamcheka. Hayo ni matusi ya uwanjani, tumeyazoea, hakuna anayekufa kwa hayo. Upande wetu wachezaji walikuwa wakirusha majembe mbele ya wazee watatu na mbwa.

Kisha nikamwona mume wangu akimleta Eunice kwa mkono. Akapiga magoti mbele yake. Mwanaume mzima, manju, amepiga magoti mbele ya binti yake, anamfunga njuga miguuni! Umati ukageuza shingo. Mtoto akapokea jembe. Eunice akicheza huwezi kutazama pengine, hilo nalijua mimi niliyembeba mgongoni. Watu wakaanza kukimbia kuja upande wetu. Akarusha jembe juu sana, akaruka kulidaka, akatua kwa ule mguu.

Mdomo wake ulifunguka. Sauti haikusikika kwa sababu ya ngoma. Jembe alilidaka. Na akaendelea, jamani, akaendelea kuupiga ule mguu chini mpaka wimbo ulipokwisha, maana binti gani atamwachia baba yake aibu katikati ya uwanja?

Nilisimama pale msibani nikawaruka watu kama kichaa. Nikampigia.

"Mageni, umefanya nini?"

"Tumeshinda, Mama Eunice! Telesphori amebaki na ndugu zake tu!"

"Mguu wa mwanangu uko wapi?"

"Umevimba kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, agizo nililishika. Daktari alisema asikimbie. Hakukimbia hata hatua moja. Amecheza."

Nimeishi na hasira nyingi. Nimekasirikia mvua, nimekasirikia wanunuzi wa pamba na mizani zao. Lakini hasira ya siku ile sikuwa naijua.  Nilimwambia mume wangu maneno ambayo mwanamke haruhusiwi kuyasema msibani, na wazee wa Runzewe waliyasikia yote, na mpaka leo sijawaomba radhi.

Picha ya pili haikuhitaji jicho la daktari. Hata mimi niliona mfupa umekatika, kipande kimoja kimesogea. Daktari Violeth aliiweka mezani, akamtazama Mageni.

"Mashindano hayapo tena," akasema. "Tunafunga plasta. Akiuumiza kabla haujaunga, itabidi upasuaji, tuweke skrubu. Hapo siwezi kuwaahidi kwamba atakimbia tena maishani."

Eunice aligeukia ukutani. Mageni aliinamisha kichwa kwenye benchi, midomo yake ikichezacheza bila sauti. Nikadhani anajuta, anasali. Nilianza hata kumhurumia. Kumbe mwenzangu alikuwa anatunga.

*Mfupa ulilia, yeye hakulia,*
*Jembe lilipanda, yeye hakushuka,*
*Binti wa Bagika, ardhi inakujua.*

Huo ndio wimbo. Ni mzuri, na hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa mbovu ungekufa wenyewe. Ukaenea kama moto wa kiangazi. Watoto waliuimba wakienda kuchota maji, wakipita mbele ya nyumba yetu wanapiga miguu chini kwa pamoja, pu! Ndani Eunice alikuwa amelala, mguu juu ya mto, kanga usoni. Timu ya mkoa ilipoondoka, Mwalimu Benjamini alikuja kumuaga, akamwachia chungwa akaondoka.

"Mayu," Eunice aliniambia siku hiyo, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama. "Wote wanauimba mguu wangu. Hakuna anayeniuliza kama unauma."

"Unauma?"

"Unauma."

Nikamuuguza. Maziwa asubuhi, maziwa jioni, dagaa, mayai ambayo Mageni alizoea kuyala yeye. Chooni nilimshikilia. Aliyekuja kumsalimia akaanza na wimbo, nilimtoa na ufagio. Na plasta ilipoondolewa, mguu ulikuwa umekonda, umepauka. Daktari akaubonyezabonyeza, na safari hii Eunice hakuruka. Wote tukapumua.

"Unaunga vizuri," daktari akasema. "Sasa aanze kuukanyagia, polepole, na kiatu cha soli ngumu. Atembee kidogo kidogo. Kuruka, kukimbia, kupigisha chini, bado. Tusipoharibu sasa, mwakani atakimbia."

Nilimtazama Mageni. Nikaona kabisa neno lilipomwingia. Kukanyaga.

Hakunikawiza. Baada ya pamba kuuzwa kulikuwa na ngoma ya mwisho ya msimu, Bagika na Bagalu, uwanja ule ule, na watu walikuwa wanatoka mpaka Maganzo kuja kumwona binti wa kwenye wimbo. Mageni alinijia jikoni, sauti laini.

"Hatacheza. Nakuapia. Atakaa kwenye kiti, kimepambwa. Tutaimba wimbo wake. Mwishoni ngoma zinanyamaza, anasimama, anapiga mguu mara moja. Mara moja tu, Mama Eunice. Daktari mwenyewe amesema anaweza kukanyaga."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, una ugali wa moto. Mungu alimnusuru.

"Kama ni kukaa kwenye kiti, chezeni wigashe, ngoma ya kukaa chini, na wewe ukae! Mguu wa mtu si ngozi ya ngoma, Mageni!"

"Watu wanakuja kwa ajili ya huo mguu."

"Wape wa kwako!"

Akatuma wazee wa kikundi. Wakakaa uani kwangu, wakaniambia kwa busara nyingi kwamba mtoto ni wa ukoo, sifa ni ya wote. Nikawauliza, na maumivu nayo ni ya wote? Kama ni ya wote, mmoja wenu alete mguu wake hapa niupige na mchi. Waliondoka bila kunywa uji.

Halafu Eunice mwenyewe akanipasua. "Nitakwenda, mayu," alisema.

Nikamkasirikia na yeye. Nilimwambia ni mjinga, amerithi kichwa cha baba yake, aende akavunjike, mimi sibebi mtu tena. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Nitakwenda," akarudia. "Na wewe uje. Ukae karibu na kiti."

Siku ikafika. Sijawahi kuona watu wengi namna ile kwenye uwanja wetu. Kiti kilifunikwa vitenge, Eunice akakalishwa kama bibi harusi, kiatu chake cha soli ngumu kimefichwa chini ya nguo. Nilikaa chini, ubavuni mwake, nimejifunga kanga kiunoni. Nilikuwa nimeshaamua: akisimama, nitaudaka ule mguu kwa mikono miwili, hata mbele ya umati, na anayetaka kucheka acheke. Ng'ambo ya pili Telesphori na Bagalu wake walikuwa wakijitahidi mbele ya watu wachache waliokosa nafasi kwetu.

Mageni aliuimba wimbo ule vizuri kuliko siku zote. Nilimchukia, na nywele zilinisimama. Umati wote uliitikia. Ikafika ile sehemu ya mwisho. Ngoma zikanyamaza kwa mpigo, majembe yakabaki mabegani. Mume wangu akaja mbele ya kiti, akapiga magoti, njuga mkononi.

Kumbe njuga nazo zilikuwemo. Hilo hakuniambia.

Eunice akasimama. Watu walishika pumzi. Nikainua mikono yangu, tayari. Mtoto akamtazama baba yake pale chini, kwa muda, bila chuki. Kisha akaninyooshea mkono.

"Mayu, nishike. Twende."

"Twende wapi?"

 Alimzunguka baba yake na kuanza kutembea. Aliuweka ule mguu chini polepole, kisigino kwanza, kama alivyofundishwa hospitalini, akasubiri, akaweka mwingine. Alikuwa anaelekea katikati ya uwanja. Na kwetu, mtu anayeuvuka uwanja wa ngoma anajulikana anakwenda wapi.

Ilikuwa mbali. Uwanja mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia soli yake ikigusa udongo. Nyuma yangu njuga zililia kidogo mkononi mwa Mageni, zikanyamaza. "Unauma?" nilimnong'oneza. "Hapana," akasema, na jasho lilikuwa likimtiririka usoni.

Tulipofika katikati nikasikia vishindo. Nikageuka. Watoto walikuwa wanatufuata. Nyuma yao wanawake, watoto mgongoni. Halafu vijana wa bodaboda, halafu watu wa Maganzo na vumbi lao la machimbo, halafu wote. Si walikuja kwa ajili ya huo mguu? Basi waliufuata ulikokwenda. Wazee wale wa kikundi, walioukataa uji wangu, nao niliwaona wakikokota fimbo zao.

Telesphori alimtukana mwanangu, sijasahau. Lakini hakumfunga njuga. Alipotuona tunafika alisimamisha wimbo wake, akachukua kigoda chake mwenyewe, akampa Eunice akae. Hakuimba tusi lolote. Jua lilizama Bagalu wakiwa na uwanja mzima, na ng'ambo ile mume wangu alikuwa amesimama na wapiga ngoma wake, na kiti kitupu chenye vitenge.

Alirudi nyumbani baada yetu. Hakula. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa uani, mikono magotini, na mimi nilikuwa nimejiandaa, maneno yamenijaa mdomoni mpaka yananiuma. Lakini hakuniangalia mimi.

"Umenivunja, mwanangu," alimwambia Eunice. "Mbele ya watu wote, umenivunja."

Eunice alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha kwenye beseni la maji baridi. Akauinua, akaufuta kwa kanga yangu, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sikukimbia, baba," akasema. "Nilitembea tu."